Sukari ya Maziwa

Mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili, kwenye somo la maadili ya utafiti, tulipewa sentensi moja ya Kiingereza tuitafsiri. Ilisema kwamba nusu ya washiriki watapewa dawa inayojaribiwa, na nusu nyingine watapewa plasebo. Sharti lilikuwa moja: mtu aliyeishia darasa la saba aielewe, ili akiweka sahihi au dole gumba ajue amekubali nini.

Tulikaa nayo wiki nzima. Wa kwanza aliandika "dawa bandia". Mwalimu akauliza: huyo mshiriki si atafikiri ni zile dawa ambazo Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba inazikamata madukani? Wa pili akaandika "dawa isiyo na dawa", darasa likacheka. Mwingine akatoa "kipozauongo" kwenye kamusi, neno ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kulisikia likitoka mdomoni mwa mtu. Kwa Kilatini plasebo ni "nitapendeza", lakini hilo nalo halikutusaidia. Mimi niliandika "kidonge cha sukari". Karatasi ilirudi na alama ya kuuliza na maneno haya: "Mweleze bibi yako kwanza."

Mwalimu alikuwa anatania. Ila bibi ninaye, mama yake mama, yuko Berega, na nilipokwenda likizo nilimkuta tayari anameza vidonge vya sukari kila asubuhi.

Ukitoka Morogoro kwenda Dodoma unapita Dumila, na kabla hujafika Gairo unaacha lami na kuingia Berega. Ni Ukaguru: mahindi, alizeti, mbaazi, vilima, na ng'ombe wa Wamasai wanaopita na vumbi lao. Watu wa mbali wakiijua Berega, wanaijua kwa hospitali ya misheni, ambayo iko chini ya Dayosisi ya Anglikana ya Morogoro. Bibi amelima hapo maisha yake yote. Ana presha, ana magoti mabovu, na tangu babu afariki usingizi wake umekuwa wa kuhesabu majogoo.

Kwenye rafu yake, pembeni ya pakiti ya dawa za presha, nilikuta kiboksi chenye chupa ndogo. Mama mdogo alikuwa amempeleka kwa mtaalamu wa homeopathi mjini, akarudi nazo. Niliinua ile aliyokuwa anaitumia. Iliandikwa Rhus tox 30C, na chini yake kwa herufi ndogo, lactose, yaani sukari ya maziwa. Vidonge vilikuwa vyeupe, vidogo kuliko punje ya mahindi. Nilionja kimoja. Kilikuwa na utamu wa mbali, kama maji yaliyosuuza kikombe cha chai.

Rhus tox ni mmea wa Amerika Kaskazini ambao ukikugusa unawasha na kutoa malengelenge. Huku kwetu mtu angekuelewa ukisema ni ndugu wa upupu kwa tabia. Kwa nini umpe mtu mwenye maumivu kitu kinachowasha? Jibu la homeopathi Mswahili amelizoea tangu utotoni: dawa ya moto ni moto.

Wazo hilo lilianzia kwenye tafsiri, jambo lililonifurahisha. Mwaka 1790 daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, alikuwa anatafsiri kitabu cha dawa cha Mskoti William Cullen. Alipofika kwenye gome la mti wa sinkona, lile linalotoa kwinini, hakuridhika na maelezo ya Cullen kuhusu sababu ya gome hilo kutibu homa za vipindi, ambazo leo tunaziita malaria. Akaamua kulinywa mwenyewe akiwa mzima. Alisema alipata dalili zinazofanana na za homa ile ile. Akahitimisha kwamba kinachomletea dalili mtu mzima kinaweza kuziondoa kwa mgonjwa mwenye dalili hizo. Kwa hiyo tiba hii yote, yenye chupa ndogo hadi Berega, ilizaliwa kutokana na dawa ya malaria.

Baadaye Hahnemann alianza kupunguza kipimo. Kitu kigumu alikitia kwenye kinu kidogo, sehemu moja kwa sehemu 99 za sukari ya maziwa, akasaga kwa saa nzima. Alichukua sehemu moja ya unga huo akaisaga tena na sehemu 99 mpya, kisha mara ya tatu. Baada ya hapo aliendelea kwa kimiminika, moja kwa mia, akitikisa kila hatua. Herufi C kwenye chupa ya Bibi ni hiyo mia. Namba 30 ni mara ambazo kitendo kimerudiwa. Ukiandika kiwango hicho kwa tarakimu, ni sehemu moja ndani ya namba inayoanza na 1 na kufuatiwa na sifuri 60. Hesabu ya kemia inasema kwamba kwenye hatua ya 12 hivi matumaini ya kubakiwa na hata molekuli moja ya mmea yanaanza kutoweka. Zinabaki hatua 18.

Kinachobaki mkononi ni sukari ya maziwa. Inatokana na maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kuwa jibini. Wafamasia wanaipenda kwa sababu haigombani na dawa nyingi, haina ladha kali na inashikamana vizuri ikikandamizwa, ndiyo maana imo pia kwenye vidonge vingi vya kawaida vya hospitali. Tofauti ni kwamba huko inabeba kitu.

Na Hahnemann aliitumia pia ikiwa haijabeba kitu, akijua. Aliamini mgonjwa wa muda mrefu apewe dozi moja, kisha aachwe mwili ufanye kazi kwa siku nyingi. Lakini wagonjwa hawapendi kuachwa. Wanataka kumeza kitu kila siku. Basi aliwapa vifurushi vya unga vilivyoandikwa namba. Kimoja au viwili vilikuwa na dawa, vingine vyote vilikuwa sukari ya maziwa tupu. Mpaka leo wenzake wa fani hiyo wana jina lake la Kilatini, Saccharum lactis, ambalo hulifupisha kuwa Sac lac, na mgonjwa akilisoma kwenye cheti anaona ni dawa kama nyingine. Nilipolisoma hilo nilibaki nalitafakari. Kwa homeopathi kulikuwa na vifurushi vya aina mbili. Kwa mizani ya mkemia, kipimo kikishafika 30C, kuna aina moja tu. Mwaka 2015 Baraza la Taifa la Utafiti wa Afya na Tiba la Australia, baada ya kupitia tafiti zilizokuwapo, lilisema hakuna ugonjwa wowote ambao kuna ushahidi wa kuaminika kwamba homeopathi inautibu.

Nikawa na kazi yangu sasa. Nilimfuata Bibi jikoni, nikamwamkia.

"Marahaba, mke mwenzangu," akasema, kama anavyoniita siku zote.

"Bibi, hivi vidonge vya magoti, unajua ndani vina nini?"

"Sukari."

"Nani kakwambia?"

"Ulimi wangu. Umeshaona wapi dawa tamu hivyo ambayo si ya mtoto?"

"Sasa mbona unameza?"

"Na wewe mbona unakunywa soda?"

Akacheka peke yake, akaendelea kuchagua mchele. Kisha akasema bila kuinua uso: "Yule mama wa mjini alinikalisha tangu saa nne mpaka nikasikia adhana ya adhuhuri. Akaniuliza goti linauma zaidi nikiinuka au nikishatembea kidogo. Nikamwambia nikiinuka, nikishatembea linalainika. Akaandika. Akaniuliza nalalia upande gani. Akaniuliza naota nini. Nikamwambia namuota babu yako anatafuta koti lake, na mimi najua liko wapi, ila sauti haitoki. Akaandika na hilo. Tangu azikwe, nani aliniuliza naota nini?"

Hakuna. Sisi tulimuuliza kama amekula, na kama amemeza cha presha.

"Na cha presha?" nikauliza, maana ndicho kilichonipeleka pale.

"Kile kichungu? Kile nameza kwanza. Kile si cha kuongea nacho."

Nilihesabu pakiti kwa siri jioni ile. Hesabu ilikuwa sawa.

Kuna kichekesho kimoja ambacho sikumwambia. Bibi hanywi maziwa mabichi. Akinywa, tumbo linanguruma mpaka usiku, kama ilivyo kwa watu wazima wengi duniani ambao miili yao imeacha kutengeneza kimeng'enya cha kuvunja sukari hiyo hiyo. Jirani yetu Mmasai anaimaliza kibuyu nusu na kwenda zake. Mwaka 2007 timu ya Sarah Tishkoff, iliyochukua sampuli Tanzania, Kenya na Sudan, ilionyesha kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki wana mabadiliko yao ya kinasaba yanayowaruhusu kunywa maziwa ukubwani, tofauti na yale ya Wazungu. Vidonge vya Bibi ni vidogo mno kumletea shida. Lakini ukitafuta ndani yake kitu kinachoweza kufanya jambo lolote mwilini mwake, kitu pekee utakachokipata ni kile ambacho mtengenezaji hakukiita dawa.

Hata hivyo anatembea zaidi. Anakwenda kanisani kwa miguu, jambo ambalo mwaka uliopita lilihitaji bodaboda. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba maumivu ya magoti hupanda na kushuka yenyewe, na mtu hutafuta tiba siku ambayo maumivu yamefika juu, kwa hiyo mara nyingi kinachofuata ni kushuka. Nimesoma pia utafiti wa Ted Kaptchuk na wenzake wa Boston, wa mwaka 2010. Walichukua wagonjwa 80 wenye matatizo sugu ya tumbo, nusu wakapewa vidonge na kuambiwa waziwazi kwamba havina dawa. Waliambiwa pia kwamba vidonge vya namna hiyo vimewahi kusaidia watu. Baada ya wiki tatu asilimia 59 ya waliovimeza walisema wamepata nafuu ya kutosha, dhidi ya asilimia 35 ya wale ambao hawakupewa kitu, ingawa makundi yote mawili yalionana na watoa huduma kwa muda ule ule. Bibi hakuusoma, lakini yumo ndani yake: anajua ni sukari, na anaendelea.

Ningeweza kuishia hapo na kuandika insha tamu juu ya hekima ya bibi. Lakini kwenye kiboksi kile kulikuwa na chupa ya pili.

Iliandikwa China 30C. China ni jina ambalo homeopathi inalipa gome la sinkona, lile lile alilokunywa Hahnemann. Mama mdogo aliiacha "kwa ajili ya homa za watoto", kwa nia njema kabisa, kwa kuwa nyumbani kwa Bibi anaishi mtoto wa mjomba, miaka mitatu. Gome lile likiwa gome lilitoa kwinini, na kwinini imeokoa watu wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Likipitishwa kwenye mia mara 30, linakuwa chupa ya sukari yenye jina zuri.

Wiki yangu ya pili pale, mtoto alichemka usiku. Alikataa uji jioni, saa tano akaanza kutetemeka, saa sita macho yakawa yanakwenda juu. Niliitazama rafu, halafu nikamtazama Bibi, na nakiri roho ilinidunda, maana pale nyumbani neno la mwisho ni lake. Bibi hakuitazama rafu. Alimvua mtoto nguo, akampangusa kwa maji, akajifunga khanga ya pili na kusema, "Mwite yule kijana wa bodaboda." Tulipanda watatu. Hospitali walimtoboa kidole, kipimo cha haraka kikatoa mistari miwili, akachomwa sindano ya artesunate usiku ule na baadaye akamalizia kwa dawa mseto. Siku ya tatu alikuwa anamfukuza kuku.

Njiani kurudi nilimuuliza mbona hakumpa zile tamu. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa mbona hakuzima moto kwa nyimbo. "Goti langu linaweza kusubiri," alisema. "Mtoto hasubiri."

Sijapata kusikia darasani maelezo mafupi kuliko hayo. Malaria kali kwa mtoto ni suala la saa. Kidonge cha sukari hakimdhuru kwa kilichomo ndani yake, kinamdhuru kwa zile saa anazopoteza akikisubiri. Ndiyo maana mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba halipendekezi homeopathi kwa malaria, kifua kikuu, VVU, mafua makali wala kuharisha kwa watoto wachanga. Miaka mitatu kabla yake, mtafiti kijana jijini London alijifanya msafiri anayekuja Afrika na kwenda kuomba ushauri sehemu 10 zinazotoa homeopathi. Zote 10 zilimpa kinga ya malaria ya homeopathi. Mbu wa huku wangemkuta na sukari mfukoni.

Wala hatuna haja ya kwenda London. Mwaka 2011, nikiwa shule ya msingi, nchi nzima ilikuwa inazungumzia kikombe cha Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500, na watu walikwenda na ukimwi wao, kisukari, saratani na presha. Wengine walitoka kwenye vitanda vya hospitali, wengine waliacha ARV. Taarifa za wakati ule zilihesabu zaidi ya watu 50 waliokufa wakisubiri zamu. Bei ilikuwa ndogo na nadhani huruma ilikuwa ya kweli. Foleni ndiyo iliyoua.

Jambo ambalo sisi wanafunzi tunachelewa kulielewa ni kwamba plasebo ile ile, ikiwa mikononi mwa mtu anayetaka kujua ukweli, inaokoa. Mfano uko mkoa wetu huu. Katika kijiji cha Idete, Bonde la Kilombero, chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66, iliyobuniwa na Manuel Elkin Patarroyo wa Colombia, ilijaribiwa kwa watoto 586 wa kati ya mwaka mmoja na mitano. Karibu nusu yao walipata chanjo, waliobaki walipata sindano isiyo nayo, na si wazazi wala wauguzi waliojua nani kapata nini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31, na watu wakawa na matumaini makubwa. Jaribio lilirudiwa Gambia na Thailand kwa njia hiyo hiyo, na kinga haikuonekana. Bila kundi la plasebo la kulinganisha nalo, chanjo ile huenda ingesambazwa, na kila mtoto ambaye hakuugua angehesabiwa kuwa ushindi wake. Wazazi wa Idete walioruhusu watoto wao wachomwe bila kujua ni sindano ipi walilifanyia bara hili kazi kubwa. Walichangia kwa sababu walielezwa kwamba kuna makundi mawili.

Hapo ndipo tafsiri yangu ilipopata mwili. Niliandika: "Nusu yenu mtapewa kitu kinachofanana na dawa lakini ndani hakina dawa, ili tujue kama dawa yenyewe inafanya kazi. Hamtajua mmepewa kipi. Ukiugua, utatibiwa." Maneno mengi kwa neno moja la Kilatini, lakini Bibi aliposomewa aliuliza swali sahihi: "Nani anayejua?" Nadhani maadili yote ya kidonge cha sukari yamo kwenye swali hilo. Hahnemann alijua, mgonjwa wake hakujua. Kwenye jaribio, wote wanajua kwamba hawajui. Bibi na goti lake anajua peke yake, na haibiwi kitu zaidi ya pesa ya chupa.

Kinachonisumbua kimehamia upande wa pili wa meza. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ina baraza la kusajili watoa huduma, na ni vema, lakini hakuna sheria inayoweza kumpa mganga wa zamu mwenye foleni mlangoni muda wa kuuliza mtu anaota nini. Yule mama wa mjini aliuza vitu viwili kwenye mfuko mmoja: masaa mawili ya kusikilizwa, na sukari. Cha kwanza tungeweza kukitoa bila cha pili, kama tungekuwa na watu wa kutosha. Kwa kuwa hatuna, wenye sukari wataendelea kupata wateja, na baadhi ya wateja hao watakuwa na mtoto mwenye homa.

Kabla sijaondoka, mama mdogo alikuja kutusalimia. Tulikaa uani tunapukuchua mbaazi, nikamweleza juu ya chupa ya pili. Hakupenda.

"Nyie wasomi mnataka kila kitu kipimwe," alisema.

"Si kila kitu, mama mdogo. Homa ya mtoto tu."

"Mama yangu mwenyewe anatembea. Hilo hulioni?"

"Naliona. Magoti sijayagusa."

Alipukuchua kimya mpaka ungo ukajaa. Kisha akaingia ndani, nikasikia kiboksi kikifunguliwa, akatoka na chupa ya China na kuitia kwenye pochi yake. Ya magoti aliiacha. Asubuhi yake Bibi alimeza cha presha na maji, akalamba viwili vile vitamu, akachukua fimbo na kuelekea kanisani.